Vipimo vya homoni vya dipresheni, ni kweli ama naliwa?

Leso_Mbili: Jamani nauliza, mamangu hana raha miezi sasa, yuashinda kalala, chakula hataki lakini mwili waongezeka, na joto lote hili la Mombasa ati asikia baridi. Daktari kamuona dakika tano kasema huenda ni dipresheni, sasa maabara moja huku mjini watuambia kuna vipimo vya homoni, kotisoli sijui na nini, vitahakikisha. Elfu kumi na mbili! Nilipe?

Nesi_Likoni: Usilipe dadangu. Hakuna damu inayosema huyu ana dipresheni, hiyo hujulikana kwa kumuuliza na kumsikiza, huzuni, usingizi, hamu ya mambo, wiki mbili au zaidi. Kuna yale maswali 9 ya PHQ-9, pointi kuanzia 10 twaangalia kwa makini. Lakini hiyo baridi ndo imenishtua, baridi Mombasa hii?? Mwambieni daktari apime TSH, homoni inayoiamsha thairoidi, ile tezi ya shingoni. Tezi ikilegea TSH hupanda, na mtu huwa hivo hivo. Sukari na wingi wa damu pia, na kama ametumia metformin, ile dawa ya kisukari, miaka mingi basi na vitamini B12, dawa hiyo huishusha.

babu_mbaazi: Lakini kotisoli, ile homoni ya msongo, si hupanda kwa wenye dipresheni?

Nesi_Likoni: Kwa wengine ndio. 1981 Marekani kina Bernard Carroll walitoa kipimo, wakupa miligramu 1 ya deksamethasoni, dawa ya kushusha kotisoli, usiku, kesho kotisoli ikikataa kushuka wasema melankolia, yaani dipresheni nzito. Watu wakafurahi weee, kisha ikaonekana wagonjwa wengi tu yashuka vizuri, na walevi, waliokonda, wazee wenye kusahau nao ikakataa. Isitoshe kotisoli iko juu asubuhi, usiku chini, wasiwasi pekee waipandisha.

Mamake_Swaleh: Shangazi yangu Mtongwe walisema ni jini, kasomewa mpaka sisi ndo tukachoka 😂 TSH ikaja juu, akaanza kidonge cha thairoidi kila asubuhi kabla ya chai, miezi miwili akarudi kwa mahamri yake. Ila huzuni haikuisha yote, alikuwa amefiwa na mumewe, bado yuaenda kuongea na mshauri.

Leso_Mbili: Basi kesho twaenda kwa daktari mwengine. Aende bila kula?

Nesi_Likoni: TSH hata akila sawa, ni sukari ya asubuhi ndo ataka tumbo tupu. Maji anywe.