Naomba ushauri: nataka kubaki na vitu vichache tu maishani, nianze kuondoa vipi?

Mtembea_Mwepesi (mleta mada)
Ndugu zangu wanajukwaa, nawasalimu nyote kwa heshima. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma na kutafakari kuhusu maisha ya kukinai, yaani kuishi na vitu vichache vinavyotosha kazi, usingizi na sitara ya mwili, na sasa nimeamua kuachana na sehemu kubwa ya mali iliyomo nyumbani. Sisukumwi na shida ya fedha. Ninaamini kwa dhati kwamba kila kitu tunachomiliki hutudai nafasi, usafi, matengenezo na ulinzi, na juu ya hayo hutuachia hofu ya kukipoteza. Inasimuliwa kwamba Diogenes, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alimwona mtoto akinywa maji kwa viganja, naye akatoa kikombe mkobani akakitupa, kwa kuwa mtoto yule alikuwa amemshinda kwa wepesi wa maisha. Wepesi huo ndio ninaoutaka.

Ombi langu ni la utaratibu tu. Je, mtu huanza na samani, nguo, vitabu au vyombo? Naomba majibu mapema, kwa sababu Jumamosi kuna vitu vitakuja kuchukuliwa, na usiku sipati usingizi.

Karani_Mstaafu
Ndugu mleta mada, wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, kwa hiyo kabla hujaondoa hata kijiko, andika orodha ya vyote ulivyo navyo. Anza na vitu vinavyofanya kazi moja na vingine, kwani hivyo haviumizi moyo. Ukifika kwenye vitu unavyovitilia shaka, vitie sandukuni, lifunge, uandike tarehe juu yake. Kitakachokuwa hakijatafutwa baada ya miezi kadhaa utakiachia bila majuto. Picha na barua ziwe za mwisho kabisa. Vyeti na hati za mali usiviguse, hata kama falsafa yako inakuruhusu.

Msomaji_wa_Usiku
Mimi ningependa tuzungumzie kwa nini kuachia ni kugumu, maana hapo ndipo penye utamu wa mada. Mwaka 1990, watafiti Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha matokeo ya majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe vya kawaida na wengine hawakupewa. Waliopewa walipotakiwa kutaja bei ya kuuzia, walitaja takribani mara mbili ya bei ambayo wenzao walikuwa tayari kununulia, ilhali vikombe vilikuwa vilevile na havijakaa mikononi mwao muda wa kutosha kuzoeleka. Kwa hiyo, mkuu, usijiulize kitu kina thamani gani, kwa sababu jibu lako tayari limepotoshwa na umiliki. Jiulize kama ungekinunua leo endapo usingekuwa nacho.

Binti_Fundi
Nami naomba kusema jambo. Marehemu baba yangu alikuwa seremala, na alipofariki baadhi ya ndugu walitaka zana zake ziuzwe zote kwa kuwa, kwa maneno yao, zilikuwa zinajaza chumba. Nilizuia randa, patasi na msumeno mmoja, na leo ndivyo vinavyonipa riziki. Watu wengi wanaohubiri uchache wa vitu wana fedha za kununua upya kile walichokitupa jana. Mwenye kipato kidogo hawezi kufanya hivyo, ndiyo maana babu zetu walisema akiba haiozi. Randa ile ina mpini ambao baba aliuchonga mwenyewe akiwa kijana, ukatoshea kiganja chake, na kwa bahati unatoshea changu pia. Sijui kama nimejibu swali lako, kaka, lakini zana ya kazi usiihesabu pamoja na mapambo.

Mzee_wa_Kiasi
Vijana wa sasa mnapenda kubadilisha sura ya nyumba kabla ya kubadilisha nafsi. Seneca, mwanafalsafa wa kale, alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Roma, na wako waliomlaumu kwa hilo, lakini ushauri aliompa rafiki yake Lucilius bado unafaa: atenge siku chache za kula chakula duni na kuvaa nguo za kukwaruza, ajionee kama hali hiyo ndiyo aliyokuwa akiiogopa. Hakumwambia auze nyumba. Mtu anaweza kulala juu ya mkeka mmoja huku tamaa yake ikiwa pana kuliko jumba. Jizuie kwanza kununua, mwanangu, kisha uone ni vitu gani vitajiondokea vyenyewe.

Muuguzi_wa_Zamu
Mleta mada, nimesoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, na nitakuuliza waziwazi kwa sababu katika kazi yangu tumefundishwa kwamba kuuliza waziwazi hakumtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Mtu anapoanza ghafla kugawa au kuuza vitu vyake, halafu akasema hapati usingizi, sisi hatulichukulii jambo hilo kuwa la kawaida. Je, una mawazo ya kujidhuru au ya kuukatisha uhai wako? Na je, hapo nyumbani unaishi na nani? Ikiwa jibu la swali la kwanza ni ndiyo, weka hili la vitu kando, uende leo kwa mtu wa afya au kwa mtu unayemwamini.

Mtembea_Mwepesi
Dada Muuguzi, nakushukuru kwa kuuliza, na nakujibu kwa ukweli: sina mawazo ya namna hiyo, na ninayapenda maisha kuliko nilivyoyapenda zamani. Kuhusu la pili, si hoja kubwa.

Muuguzi_wa_Zamu
Nimefarijika kwa jibu la kwanza. La pili bado nalisubiri.

Mtembea_Mwepesi
Nina mke. Kwa sasa yuko mbali akimuuguza mama yake, na hajui kuhusu Jumamosi. Vitakavyochukuliwa ni makochi, kabati la vyombo na cherehani, na mnunuzi amekwisha kutoa arubuni.

Naomba nisihukumiwe kabla ya kusikilizwa. Makochi na kabati nilivinunua mimi kwa jasho langu. Cherehani ni ya kwake, lakini haijaguswa kwa muda mrefu. Zaidi ya hayo, mimi na yeye tumezungumza mara nyingi kuhusu kuishi kwa urahisi, naye hakuwahi kupinga; alinisikiliza kwa utulivu kila mara. Nina imani kwamba akirudi amechoka na kuikuta nyumba ina hewa na nafasi, atapumua.

Binti_Fundi
Kaka, Diogenes alitupa kikombe chake. Hakutupa cha jirani.

Shemeji yetu kukusikiliza kwa utulivu si kuridhia cherehani yake iuzwe. Mwanamke anayemuuguza mzazi kisha akarudi na kukuta hata pa kukaa hapajui tena, hatapumua. Atajiuliza ni nini kingine kilichoamuliwa wakati hayupo.

Karani_Mstaafu
Nilitoa ushauri wa masanduku kwa kudhani naongea na mtu anayeishi peke yake, na kwa hali hii ushauri ule haufai. Nikupe mfano wa mtu ambaye hakuna anayetilia shaka kukinai kwake. Mwaka 1901, Gandhi alipokuwa akijiandaa kuondoka Afrika Kusini kurudi India, jamii aliyoitumikia ilimpa zawadi nyingi, miongoni mwake mkufu wa dhahabu wa mkewe, Kasturba. Yeye aliamua kwamba mtumishi wa watu hapaswi kuzipokea, akawashawishi wanawe kwanza, kisha akamkabili mke. Kasturba alipinga kwa machozi na kuuliza mumewe ana haki gani juu ya mkufu wake. Mwishowe zawadi ziliwekwa chini ya wadhamini kwa manufaa ya jamii, lakini Gandhi mwenyewe, alipoandika maisha yake, hakuficha kwamba ridhaa ile aliipata kwa kushinikiza. Angalau Kasturba alikuwapo na alipewa nafasi ya kubisha.

Msomaji_wa_Usiku
Niongeze kwamba Henry David Thoreau, mwandishi wa Marekani ambaye wapenda uchache humtaja sana, alikwenda kuishi katika kibanda chake kando ya ziwa mwezi Julai 1845 akiwa hana mke wala mtoto, katika ardhi ya rafiki yake Emerson, na baada ya miaka miwili na kitu akaondoka. Alichokijaribu alikijaribu juu ya nafsi yake mwenyewe.

Mpekuzi
Samahani kwa kukatisha mtiririko, lakini nashawishika kwamba tunanyweshwa chai. Mtu anauliza aanze na nini, kumbe ameshapatana bei na kupokea arubuni. Huo si utaratibu wa mtu anayetafuta utaratibu. Halafu mke hayupo, mama mkwe mgonjwa, cherehani imetelekezwa: kila kitu kimekaa mahali pake mno. Na yeyote aliyeifahamu kabla habari ya mkufu wa Kasturba angeweza kuibadilisha ikawa cherehani.

Mzee_wa_Kiasi
Hata kama imetungwa, wako wanaoishi hivyo kweli na wanatusoma.

Muuguzi_wa_Zamu
Nikimwamini mtu anayetunga, nimepoteza dakika chache. Nisipomwamini anayesema kweli, hasara ni kubwa zaidi. Mimi naendelea kumwamini.

Mtembea_Mwepesi
Mpekuzi, sina namna ya kukuthibitishia, na sitaweka picha ya nyumba yangu hapa. Nitasema tu kwamba niliuliza kuhusu utaratibu kwa kuwa ndilo swali nililoweza kuliandika. Cherehani iliachwa mama mkwe alipoanza kuugua. Katika droo yake kuna gauni lililokwisha kukatwa, halijashonwa. Bado naamini kwamba makochi hatuyahitaji, na sitabadili msimamo huo.

Mpekuzi
Cherehani yenye kazi iliyokatwa ndani ya droo haijatelekezwa, ndugu yangu. Imesimamishwa. Nayafuta maneno yangu ya awali.

Mtembea_Mwepesi
Nimempigia mnunuzi. Amekubali kuiacha cherehani, lakini makochi na kabati anavitaka, vinginevyo arubuni irudi yote leo. Nitazungumza na mke wangu jioni hii. Nianze na makochi au na cherehani?

Binti_Fundi
Anza kwa kumuuliza hali ya mama yake, na jibu lake ulisikilize hadi mwisho. Kisha mwambie kuhusu arubuni: umepokea kiasi gani, kwa vitu gani, na kwamba unaweza kuirudisha. Cherehani mtajie pia, asije akaisikia kwa mnunuzi. Kuhusu makochi, muulize yeye anayatumiaje, kabla hujamweleza wewe unayaonaje.

Karani_Mstaafu
Na arubuni hiyo iweke kando nzima kuanzia sasa, usitumie hata sehemu yake, ili akikataa uwe na cha kurudisha leo hiihii. Ukirudisha, dai stakabadhi.