Naomba ushauri: anga ya machweo inageuka tope

Wadau, naomba msaada wa wanaofundisha watoto wa miaka 6 hadi 9 kupaka rangi kwa kufuata michoro ya vitabu vya hadithi. Utaratibu ni ukurasa mmoja, mbinu moja: watoto wanautazama, wanakisia mchoraji alianza na nini, kisha wanajaribu kwenye nusu ya A4.

Mbinu ya nta haisumbui. Nyota zinachorwa kwa krayoni nyeupe, kwa kukandamiza, halafu rangi ya maji ya bluu inapitishwa juu. Nta inayakataa maji, nyota zinajitokeza. Mkono ukiwa mwepesi, rangi inapenya.

Kasheshe ni kupaka rangi kwenye karatasi iliyoloweshwa, kama anga ya machweo. Karatasi ya gramu 80 (uzito kwa mita ya mraba, yaani nyembamba) inajikunja, maji yanatuama kwenye mabonde yake, chungwa linakutana na bluu, basi, kahawia tupu! Ya gramu 300, ikibandikwa mezani kwa tepu pande zote nne, inatulia, ila kwa watoto 25 ni gharama. Kusubiri tabaka la kwanza likauke kunasaidia pia, lakini nani atamzuia mtoto wa miaka 6 dakika 15?

Je, gramu 160 inatosha kama inaloweshwa kwa sponji badala ya brashi? Au kolaji itangulie: kupaka karatasi, kukausha, kukata maumbo, kubandika? Na kwa karatasi nyembamba, gundi ya kijiti au ile nyeupe iliyozimuliwa kwa maji?