Naomba ushauri: mazoezi ya nyumbani kwa baba mwenye ugonjwa wa moyo

Habari zenu ndugu zangu. Baba yangu, miaka 63, alipata shambulio la moyo, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti (kijibomba kidogo cha kuuacha mshipa wazi) Dar es Salaam. Sasa yuko nyumbani Lushoto. Daktari alimruhusu kutembea taratibu, akiongeza dakika kidogo kidogo.

Shida ni milima. Ukitoka mlangoni ni kupanda au kushuka, tambarare hakuna. Juzi alipanda hadi barabarani, akarudi anahema, hawezi hata kumaliza sentensi. Niliogopa sana. Tangu siku hiyo tunazunguka uani tu, dakika 10 asubuhi na 10 jioni, halafu anaketi na kusimama kwenye kiti mara 8. Kipimo chetu ni maongezi: akishindwa kuongea, tunapunguza. Kuhesabu mapigo ya moyo sikutegemei, maana anameza bisoprololi, dawa ya moyo, nayo huyashusha.

Mliowahi kuuguza mgonjwa wa moyo nyumbani, mliongezaje mazoezi bila kumchosha? Kilima mlikianza lini? Na hofu je? Baba siku hizi hataki hata kubeba ndoo ndogo, anasema moyo utasimama. Kliniki tunarudi mwezi ujao, nami natamani nijue maswali ya kumuuliza daktari.