Ushauri wakuu: nianze na vitunguu pori vipi nipate maua ya kuuza?

Mche_Muheza: Wakuu habari za jioni. Nina vitunguu vya porini, yale maua mekundu ya duara kama mpira yanayochomoza mvua zikianza (Scadoxus multiflorus), nataka nipate aina yangu ya kuuza Tanga mjini na Dar. Vingine shina refu, vingine kichwa kikubwa, kimoja kimefifia kama pinki. Nianze na vipi? Usingizi sipati.

Kichaka: Usichague kwa macho. Kilichomea kivulini kinarefuka kutafuta mwanga, kilete juani uone. Panda vyote udongo mmoja, kivuli kimoja, kila kimoja na lebo ya kilikotoka, pima shina, upana wa ua na likikatwa linakaa siku ngapi kwenye maji. Tofauti ikibaki misimu miwili mitatu basi iko kwenye damu. Vitoto vya ubavuni ni kopi ya mama, sura mpya utazipata kwenye mbegu. Umevitoa wapi?

Mama_Chumbageni: Mwanangu hiyo sumu! Tulipokuwa Pongwe mbuzi alichimbua kimoja, jioni hakufika, na ndiye tuliyemtunza kwa harusi ya mdogo wangu, tukaishia kupika kuku.

Mche_Muheza: Shikamoo mama, nimeviweka mbali na watoto. Kichaka, vya porini tu.

Kichaka: Pori lipi?

Mche_Muheza: Haya, Amani, ndani ya hifadhi. Ila vitoto niliviacha ardhini, na jamaa wa Dar keshanipa advansi, nirudishe na nini sasa?

Ustaadh_Ngamiani: Bila kibali cha TFS, wakala wa misitu wa serikali, huo ni wizi ndugu yangu, pesa yake haina baraka.

Boda_Raskazone: Advansi ya kitunguu 😂 mimi ninavyo vya kachumbari, nitumieni namba ya huyo jamaa

Mdadisi: Hii chai. Kwenye uzi mwingine ulisema pinki umeipata kwa mbegu za msimu uliopita. Mbegu ya ua hili inataka miaka mitatu na zaidi ndo itoe ua. Weka picha.

Mche_Muheza: Nilisema vile ili msiniulize nilikoichimba. Picha siweki, watu watapajua.

Mdadisi: Chai ya rangi kabisa.

Boda_Raskazone: Na haina sukari

Kichaka: Chai au siyo chai, gladiola za maharusini zina damu ya Gladiolus dalenii, mmea wa porini hukuhuku Afrika, kwa hiyo wazo lako siyo la kijinga. Nenda ofisi ya hifadhi kajieleze, uombe kibali cha kuokota mbegu. Na hicho cha pinki usikiuze hata ufanyweje, ndicho pekee chenye kitu kipya.

Mche_Muheza: Mkuu, advansi yenyewe ni ya hicho cha pinki.