Tupeane uzoefu: karanga chungu ndani ya pakiti

Mtoa mada: Nikiwa njiani kwenda Singida nilinunua pakiti ya karanga za kukaanga stendi, na katikati ya utamu nikatafuna punje chungu iliyonilazimu kuitema. Nilipozimwaga kiganjani niliona nyingine zimesinyaa, na moja ilikuwa na unga wa kijani kwenye mpasuko. Lebo ilipendeza, ila tarehe ya kutengenezwa haikuwepo. Waliokutana na hali hii watueleze.

Msafiri: Imenipata pia, na huwa natafuna nyingine upesi ili kufukuza uchungu.

Mbanguaji wa zamani: Umenikumbusha ghala nililofanyia kibarua. Maganda makavu huumiza vidole, hivyo usiku karanga zilinyunyiziwa maji ili zilainike, na asubuhi tukazibangua na kuzifunga kwenye viroba zikiwa bado na unyevu, jambo ambalo kuvu hulisubiri kwa hamu. Mbovu tulizitenga kando ya turubai, nami nikiamini zitatupwa, hadi nilipomwona mnunuzi akizipakia kwa bei ya chini huku akisema kwamba zikishasagwa na kutiwa chumvi hakuna atakayejua. Tangu hapo siagi ya karanga nasaga mwenyewe.

Mama Jiko: Kaangeni kwa moto mkali, sumu yote ya kuvu itaisha.

Mkaguzi mstaafu: Samahani dada, nakupinga. Kuvu hufa kwa moto, lakini sumukuvu (aflatoksini), yaani sumu ambayo kuvu imekwisha kuitengeneza, hustahimili joto la kikaango na sehemu yake hubaki. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, na kwa aina yake kali zaidi, iitwayo B1, ni 5, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukipima. Hata karanga tamu inaweza kuwa nayo.

Mwana wa Chemba: Mnaoandika kwa utani hamkuwepo Dodoma na Manyara mwaka 2016. Mtoto wa kaka yangu alianza kwa kutapika, kisha macho yakawa ya njano na tumbo likajaa, huku wazee wakibishana kama amerogwa. Nyumba nzima ilikula unga wa mahindi wa gunia lilelile, lakini mdogo ndiye aliyezidiwa, na hatukurudi naye kutoka hospitali. Baadaye ilithibitishwa kuwa ni sumukuvu, na watu wapatao 20 walifariki katika mlipuko ule.

Msafiri: Pole sana, ndugu yangu.

Mpenda hoja: Pole, ila hayo yalikuwa mahindi, na mada ni karanga.

Mwana wa Chemba: Kuvu ni lilelile, na ini ni lilelile. Unataka nikuletee kaburi lenye lebo ya karanga?

Mkaguzi mstaafu: Tafadhali tuheshimiane. Mwana wa Chemba ana haki, na Kenya mwaka 2004 mahindi ya namna hiyo yaliua watu 125. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hasikii lolote, lakini hujiongezea hatari ya saratani ya ini, hasa akiwa na homa ya ini aina ya B.

Kijana wa stendi: Mimi hushushia na maziwa, husafisha sumu.

Mbanguaji wa zamani: Maziwa hayaisafishi, tena ng'ombe aliyelishwa mashudu yenye kuvu huitoa sumu hiyo kupitia maziwa. Chambua punje kwenye mwanga, tupa zilizosinyaa, na usinunue pakiti isiyo na tarehe wala alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania).

Mama Jiko: Basi nahamia mihogo.

Mpenda hoja: Mitamu au michungu? Fungua mada nyingine.