Kituo cha wanawake Mikindani: kipi kitawafanya waje, na kipi kitawafanya warudi?

Mkazi wa Mikindani

Shikamooni mama zangu, na salamu kwa wengine wote. Serikali ya mtaa wetu imetupatia chumba kirefu kilichokuwa ghala ili tukitumie kama kituo cha wanawake. Paa ni zima, nyuma kuna kisima, na siku ya mkutano wa kwanza akina mama wapatao arobaini waliandikisha majina. Mkutano wa pili walikuja kumi na mmoja.

Wajumbe wenzangu wanapendekeza tununue vyerehani na kumtafuta mfadhili wa kumlipa mwalimu wa ushonaji. Mimi nina shaka, kwa sababu nimewahi kuona vyerehani vikifungiwa ndani mpaka vikashika kutu, na pia kwa sababu nilipowauliza waliojiandikisha, mmoja mmoja, hakuna aliyetaja kushona isipokuwa wawili. Mama mmoja hana wa kumwuliza kuhusu shamba aliloachiwa na mama yake. Mwingine amehamia hapa kutoka Liwale akimfuata mume, na hamjui jirani hata mmoja. Yupo pia binti aliyejifungua akiwa bado mwanafunzi, ambaye anaona haya hata kupita barazani penye watu. Naomba wenye uzoefu wanieleze tuanzie wapi.

Afisa Maendeleo ya Jamii mstaafu, Lindi

Marahaba mwanangu. Shaka yako ina msingi. Hao watatu uliowataja hawakuomba kifaa. Kila mmoja anahitaji mtu, na huenda mtu huyo yumo katika orodha yenu ya majina arobaini.

Kwa hiyo anzeni na daftari, lakini lisiwe la mahudhurio tu. Mbele ya kila jina andikeni analolijua mwenyewe: huyu alikuwa mkunga, huyu anaandika barua nzuri, huyu aliwahi kukopa halmashauri na akarejesha, huyu ni nyakanga, yaani kungwi mkuu wa unyago, anayesikilizwa na familia nyingi. Mgeni akija na jambo lake, aliye zamu anafungua daftari na kumpeleka mwenyewe kwa anayehusika. Nasema kumpeleka, kwa kuwa mwanamke mwenye haya akielekezwa kwa mdomo tu ataishia njiani. Huyo binti, kwa mfano, tangu Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Linalomkwamisha yawezekana si sheria, ni kukosa mama wa kuingia naye ofisini kwa mwalimu mkuu na mwingine wa kumshikia mtoto asubuhi.

Kuhusu fedha, vikundi vya hisa, yaani vya kuweka akiba na kukopeshana, vitazaliwa vyenyewe watu wakizoeana, na visipangwe kabla ya hapo. Sanduku liwe na kufuli tatu na funguo zikae kwa watu watatu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitaka vikundi vya namna hiyo visajiliwe, na usajili hufanyika halmashauri. Mkopo wa halmashauri usio na riba unatokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ulisimamishwa mwaka 2023 na ukarejeshwa mwaka 2024. Tahadhari yangu ni moja: kituo chenyewe kisikope. Vikope vikundi vidogo vinavyojuana, kila kimoja kwa jina lake, ili kikundi kimoja kikishindwa kurejesha mlango wa kituo usifungwe kwa wote.

Mbanguaji wa korosho, Newala

Naafikiana na mzee hapo juu, ila kuhusu fedha naona amepita haraka. Huku kwetu shida ina jina, nayo ni kangomba. Mwezi wa saba au wa nane, mikorosho ikiwa bado na maua, mtoto anaugua au ada inadaiwa, na mama anauza korosho ambazo hazijaanguka kwa bei ya huruma ya mnunuzi. Msimu ukifika, mzigo unapita stakabadhi ghalani, yaani unakusanywa ghalani kwa risiti, na kuuzwa mnadani kwa bei nzuri, lakini wakati huo si wake tena. Katika kikundi chetu tuliweka mfuko wa jamii kando ya hisa, unaotoa fedha kidogo katika miezi hiyo mikavu tu, na mwanachama hurejesha baada ya malipo ya korosho. Hatujawa matajiri, lakini wanachama kadhaa wamevuka mwaka bila kuuza maua.

Jambo jingine: kazi ya mikono itakayowaleta watu ni ile wanayoifanya tayari. Sisi hubangua pamoja. Maji ya ganda la korosho huunguza vidole, kwa hiyo mmoja huleta mafuta, mwingine majivu, na kabla ya debe kuisha umekwisha kusikia nani amepigwa, nani ana mimba na nani hana unga. Hakuna semina iliyowahi kunieleza mengi kiasi hicho. Na hicho kisima usikidharau, dada yangu. Huku juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji ni ya taabu, kituo chenye kisima kisingehitaji kualika mtu.

Mkulima wa mwani, Mtwara Vijijini

Mimi nitasema jinsi kituo cha kijijini kwetu kilivyokufa. Mikutano ilipangwa kila Jumatano saa nne asubuhi, kwa sababu ndiyo siku iliyomfaa aliyekuwa akitoka mjini kutufundisha. Sasa, mkulima wa mwani hafuati Jumatano, anafuata mwezi. Siku za bamvua, maji yakitoka mbali, sote tuko pwani tunafunga kamba na kuvuna. Maji mafu, yaani siku ambazo maji hayatoki mbali, ndiyo tuko nyumbani. Tukaandikwa kwamba hatuna mwamko. Ufunguo nao ulikaa kwa mtu mmoja, akasafiri kwa miezi miwili, na aliporudi popo walikuwa wameshahamia.

Kwa kuwa Mikindani nayo ni pwani, wekeni siku zenu kwa kalenda ya maji, na wekeni mkeka wa watoto.

Msaidizi wa kisheria, Masasi

Nijibu kuhusu huyo mama mwenye shamba. Wengi wetu Kusini, Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, tunafuata ukoo wa mama, na kwa hiyo watu hudhani kwamba mwanamke wa huku hawezi kudhulumiwa ardhi. Anadhulumiwa, mara nyingi na mjomba wake mwenyewe, au na mume aliyepanda mikorosho juu ya ardhi ya mke kisha jina lake likaandikwa peke yake katika daftari la chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Ikiwa shamba liko katika ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki kwa sababu tu ni mwanamke, naye anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa jina lake. Asisubiri ugomvi ndipo aombe.

Wapo pia wanaoamini kwamba mama wa nyumbani hana chake ndoa ikivunjika. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa (ingawa mama huyo mwenyewe hakuongezewa kitu, jambo ambalo huwa tunasahau kulisimulia). Na kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi.

Ombi langu kwako ni kwamba ukate pembe moja ya ghala hilo kwa ukuta wa matete, iwe na mlango wake wa nyuma. Mwanamke aliyepigwa hatalisema hilo katikati ya watu wanaobangua, na akionekana anaingia mlango wa mbele atapata maswali kabla hajafika Dawati la Jinsia kituo cha polisi. Akipitia kisimani na ndoo, haulizwi.

Mkazi wa Mikindani

Nawashukuru sana. Nimewasomea wajumbe majibu yenu jana jioni. Vyerehani vimeahirishwa, funguo zitakuwa tatu, na mkutano ujao tumeuweka siku za maji mafu. Suala la mlango wa nyuma limeleta mabishano, maana mjumbe mmoja anahofia wezi. Mwenye ghala amesema atakuja kuuangalia ukuta. Yule mama wa Liwale, nilipomwandika upya katika daftari, amenieleza kwamba kwao alikuwa mweka hazina wa kikundi cha hisa kwa miaka sita.