Mombasa, Dar au Unguja? Tuna mtoto wa miaka 3, tunatoka Kampala

Mama Shifa, Ntinda
Salaam jamani. Mimi na baba Shifa tumekuwa tukiweka pesa tangu Januari ili tumpeleke binti akaione bahari. Ana miaka 3 na kitu. Tuna siku saba, likizo ya Mei au ya Agosti. Mimi roho yangu iko Unguja. Baba yake anasema Mombasa, tena kwa basi, pesa ibaki ya kula. Dada yangu anaishi Dar, anasema njooni, malazi bure. Nani ameshasafiri na mtoto wa umri huu? Nipeni ukweli, picha nimeshaona za kutosha.

Dereva wa Malaba
Mama Shifa, njia hiyo ndiyo inayonilisha. Kampala hadi Nairobi ni kama kilomita 650, basi linakesha. Nairobi hadi Mombasa, karibu 480 nyingine. Mtu mzima atavumilia. Mtoto akisema "mama kojo" saa nane za usiku, utamwamsha nani?

Kama ni lazima mpite chini, igaweni safari. Basi hadi Nairobi, mlale, kesho yake mpande treni ya SGR pale Syokimau. Ni saa tano sita hivi, mtoto anatembea ndani ya behewa, na mkipita Tsavo mkiwa na bahati anaona ndovu dirishani. Mfike stesheni mapema, mizigo inanuswa na mbwa kabla hamjaingia. Kama Shifa anaogopa mbwa, mwandaeni. Mkishuka mko Miritini, ufukwe bado uko mbali, wekeni pesa ya teksi.

Halafu kaveera, hii mifuko ya plastiki, ziacheni nyumbani. Kenya walizipiga marufuku 2017, Tanzania 2019. Najua sisi pampasi chafu tunaifungia humo humo. Bebeni ndoo ndogo yenye kifuniko.

Binti Bombo
Sisi tulienda Dar mwaka jana, kwa shemeji. Malazi ya bure yalitugharimu! Nyumba iko upande wake, bahari upande wake, na katikati foleni. Kila siku tunatoka asubuhi, tunafika mchana jua la utosi, mtoto kashalala. Coco Beach Jumapili ni watu kama siafu. Siku iliyotulia ni moja tu, tuliyovuka kwa boti kwenda kisiwa cha Mbudya. Maji safi, vibanda vya makuti, samaki wa kukaanga. Siku hiyo peke yake ningeirudia.

Unguja tulikwenda kwa feri, kama saa mbili. Ilikuwa Julai, kusi inavuma, mwanangu alitapika mpaka bandarini. Alipofika Forodhani jioni akala urojo akasahau. Mimi sikusahau.

Karatasi: Tanzania mtu wa Uganda ataulizwa kadi ya homa ya manjano, na mtoto pia. Chanjo ipigwe si chini ya siku kumi kabla ya safari. Kenya nyinyi wakubwa mtaingia na kitambulisho cha taifa, ila mtoto hana, kwa hiyo mtengenezeeni pasipoti mapema na mbebe cheti cha kuzaliwa.

Mzee wa Kibuli
Pesa zote hizo kwa mtoto ambaye hatakumbuka chochote? Entebbe kuna mchanga, kuna bustani ya wanyama, jioni mko nyumbani.

Muuguzi wa Mukono
Mzee wangu, shikamoo. Entebbe kwa wanyama naunga mkono, na bustani ya mimea ni nzuri kwa mtoto kukimbia. Lakini kuoga ziwani hapana. Kichocho kimo humo, na ni hawa wadogo wanaocheza maji ya ukingoni wanaokipata. Maji ya bahari hayana kichocho. Kwangu mimi hiyo peke yake ni sababu ya kusafiri.

Mjukuu wa Likoni, sasa Kansanga
Mnabishana miji, hakuna aliyetaja maji. Mei ifuteni kabisa, ni masika, mtakaa hotelini mkitazama mvua. Agosti kuna kusi, lakini Mombasa, fukwe za Nyali na Bamburi, mwamba unavunja mawimbi mbali, ndani kwa mtoto kunakuwa shwari.

Sasa angalia mwezi. Ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua: maji yanakupwa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, yanarudi saa kumi. Yaani wakati mtoto yuko macho na jua halijawa kali, bahari imekwenda zake. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, unaifuata kwa miguu hadi uchoke. Nungwi afadhali. Lakini ukienda wiki ya nusu mwezi, maji mafu, yanajaa saa za asubuhi na hayasogei sana. Mtoto anaoga, anakula, analala. Wageni wanalipa hoteli bila kuangalia mwezi, kisha wanalalamika bahari imekauka!

Fort Jesus mpite tu, kwa miaka 3 ni kuta na ngazi. Mpelekeni Haller Park, machimbo ya zamani ya saruji, alishe twiga na awaone makobe wakubwa. Jioni viazi karai na madafu pale Mama Ngina, ukingoni mwa bahari.

Mama Shifa, Ntinda
Asanteni nyote. Mei nimeifuta. Kalenda nimeikagua, wiki ya nusu mwezi Agosti imepatikana. Mombasa. Kwenda ni basi na treni kama alivyosema Dereva, kurudi tutapanda ndege hadi Entebbe, maana baba Shifa amekubali kuwa safari ya kurudi ndiyo inayovunja ndoa. Amelia kidogo aliposikia Shifa analipiwa kiti chake, nikamwambia ameshapita miaka 2, hapakatwi tena. Dada wa Dar nitamweleza mwenyewe, Mungu anisaidie.

Swali la mwisho: pampasi za kuogelea nibebe au zipo huko?

Mjukuu wa Likoni, sasa Kansanga
Zipo madukani Nyali. Ila sisi tuliokulia pale tuliogea chupi, na siku nyingine hata hiyo hatukuwa nayo.